Waterloo Kwenye Tuta la Mkonge

Mume wangu, Mwalimu Mwangangi, alifundisha historia miaka ishirini na nane, na kila alipofika kwenye Vita vya Waterloo alikuja kuvipigana kwanza jikoni kwangu. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini vita hivyo navijua kama ninavyojua Zaburi ya ishirini na tatu, kwa sababu vilipiganwa juu ya meza yangu na kwa nafaka zangu. Maharagwe mekundu yalikuwa Wafaransa wa Napoleoni. Mahindi meupe yalikuwa Waingereza na wenzao wa Welingtoni, na yalilazwa nyuma ya kilima. Kilima kilikuwa mwiko wangu wa ugali uliofunikwa kitambaa. Ndengu ziliwekwa mbali, pembeni mwa meza karibu na chumvi. Hizo zilikuwa Waprusia, waliopigwa siku mbili kabla, na hakuna aliyejua kama wangefika.

Siku hizo kulikuwa bado na fomu faivu na siksi, na mdogo wa mume wangu, Kiilu, alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa anakuja kula kwetu, na akikuta meza imepangwa anavuta kiti upande wa maharagwe. "Leo nashinda," anasema. Hakushinda hata siku moja. Maharagwe yalipanda kile kilima, mahindi yakainuka nyuma ya mwiko, ndengu zikafika kutoka kwenye chumvi, na Napoleoni akaisha kabisa, akapelekwa kisiwani kufia huko. Na kila mara Kiilu alisema neno lile lile.

"Kama haingenyesha, Mwalimu. Kama haingenyesha usiku ule, Napoleoni angeanza asubuhi na mapema. Ilibidi angoje udongo ukauke apitishe mizinga. Waprusia wangekuta kazi imekwisha."

"Mvua ilinyeshea wote, Kiilu," Mwalimu anamjibu.

Halafu mimi nazoa majeshi yote matatu, natia kwenye sufuria, jioni tunakula isyo, pure ya kwetu.

Shuleni wakamwita Napoleoni, na jina alilipenda. Mpaka leo ukienda mjini Sultan Hamud ukamuulizia Kiilu, watakuuliza Kiilu yupi. Ukisema Napoleoni, wanakuonyesha.

Mwalimu alilala miaka mitatu iliyopita. Tulimzika juu, karibu na nyumba. Arobaini haijaisha, Kiilu akaanza maneno ya shamba.

Shamba lilishagawanywa. Baba mkwe aligawa akiwa na nguvu zake: juu kwa Mwangangi, chini kwa Kiilu. Katikati akapanda mstari wa mkonge juu ya tuta, mashina arobaini na mawili, kutoka kwenye mwamba mpaka korongoni. Miche tuliibeba sisi wake wa nyumba ile, mimi na Wavinya, mke wa Kiilu, kamba kwenye paji la uso, kutoka mbali. Wakati huo Wavinya alikuwa bado mgeni kwetu. Mkonge mama ukifa, watoto wake wanashika mahali pake, kwa hiyo mstari haujahama hata unyayo mmoja. Lakini wazee walioona ukipandwa wamekufa wote, na Wavinya ni mke wa mumewe.

Kiilu akasema ule si mpaka, ni mkonge wa kuzuia mbuzi tu. Akasema matuta matatu juu yake ni yake, mpaka karibu na kaburi. Ameshapata watu wa kupasua mawe wanaoyataka.

Mwezi wa kumi na moja tukaambiwa mpima wa serikali atapita upande wetu siku ya Jumanne. Mlima wetu haukuwa umepimwa bado. Mpima anachora anachokiona. Mkonge ukiwa umesimama, matuta matatu ni yangu na ya Kalondu, binti yangu aliyeolewa Matinyani. Mkonge ukiwa umelala, mpaka utakuwa mdomo wa Kiilu.

Jumamosi saa kumi nilikuwa naanua nguo nikasikia trekta likipanda. Dereva alikosea njia akaja mpaka kwangu. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya kushonwa, akashuka, akanisalimia kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Naitwa Salim, natoka Sultan Hamud. Nimeitwa na Napoleoni. Ni mkonge upi huo wa kung'oa kesho?"

"Wa kung'oa?"

"Ameniambia kuna mkonge unasumbua ng'ombe. Anataka utoke wote kesho, niuburute korongoni, Jumatatu nipitishe plau pasionekane kitu."

Nilimwonyesha kwa kidole. Akautazama kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mbona umepangwa safu kama watu msikitini?"

"Muulize aliyekuita. Sisi hapa kesho ni siku ya Bwana."

"Najua, mama. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema ndiyo sababu."

Ndiyo sababu. Jumapili ofisi ya chifu imefungwa. Kanisa letu liko ng'ambo ya mto, na wanawake wote wa mwethya wako huko mpaka mchana.

Mwethya ni kikundi chetu cha kusaidiana. Mmoja akiita, wote wanakuja, kuchimba mtaro, kupalilia, kujenga. Sisi tuko thelathini na mmoja, na mkubwa wetu ni Nzisa, mwenye miaka sabini na mbili na goti bovu. Mwethya ikishakaa mahali haifukuzwi. Anayeifukuza, boma lake halitalimiwa tena, mgonjwa wake hatabebwa, na kaburi la mtu wake atalichimba peke yake. Hata Kiilu analijua hilo, maana Wavinya ni mwenzetu.

Nilimpigia Nzisa simu nikamweleza.

"Kesho ni Jumapili, Katunge," akasema. "Jembe halishikwi."

"Sijakuomba jembe."

"Unaomba nini?"

"Mje mkae."

Nzisa hajakosa ibada tangu kubatizwa, na hataki mchezo na amri za Mungu.

"Kukaa si kazi," alisema mwishoni. "Ibada ikiisha tunakuja. Saa saba tutakuwa hapo."

Kabla sijakata simu, tone la kwanza likapiga bati.

Ilinyesha mpaka kukakucha. Asubuhi nilitoka nikasimama kwenye tuta. Ule udongo mweusi wa chini kwa Kiilu ulikuwa umelowa mpaka mbuzi angeacha kwato humo. Trekta lisingepanda leo asubuhi, hata kwa maombi. Nikainua mikono kumshukuru Mungu, na mikono ikiwa bado juu nikasikia mto.

Mto wetu ni mchanga mwaka mzima. Tunauvuka bila kukumbuka kwamba ni mto. Sasa ulikuwa unanguruma kama lori za Mombasa, na Nzisa na wenzake wako upande wa pili, maana wote wanakaa huko karibu na kanisa.

Nikashusha mikono. Mvua ilinyeshea wote. Udongo ukikauka kabla maji hayajashuka, mkonge umekwenda. Maji yakishuka kwanza, umepona. Hilo ndilo lililobaki, na hakuna kati yetu aliyeweza kuliharakisha.

Nikachukua kigoda, Biblia, leso na chupa ya uji, nikaenda kukaa nyuma ya tuta. Matuta yetu ni ya fanya juu: unachimba mtaro, na udongo unaurusha upande wa juu. Anayetoka chini anakutana kwanza na mtaro, halafu ukuta wa udongo, halafu mkonge juu ya ukuta. Aliyekaa nyuma yake haonekani hata kichwa. Sikukaa pale kwa ujanja. Nilikaa pale kwa sababu palikuwa na kivuli.

Saa tatu Kiilu alitokea chini na wanaume wanne, wana mapanga na mitaimbo. Trekta lilikuwa halihitajiki. Wanaume wanne wenye mitaimbo wangeumaliza mkonge ule kabla ya saa sita, na aliyekuwa anaulinda ni mwanamke mmoja wa miaka sitini na sita mwenye kigoda.

"Mama Kalondu!" akaita. "Najua uko hapo."

"Niko."

"Leo huendi kanisani? Ama Mungu amehamia kwenye mkonge?"

"Mungu yuko kila mahali, Baba Kisilu. Hata hapo ulipo, ingawa hapo anavumilia."

Mmoja wa wale wanaume akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Huna aibu," Kiilu akasema. "Kaka yangu ameoza, wewe bado unamkalia shamba la baba yetu. Mke ni wa kuolewa. Shamba ni la damu."

"Hayo mwambie baba yako utakapokutana naye."

Alikuja hatua chache, akasimama.

"Uko na nani huko nyuma?"

"Niko na wengi kuliko ulio nao," nilisema.

Hilo ni neno la nabii juu ya majeshi ya mbinguni, na mimi nililiamini nilipolisema. Lakini nilijua pia Kiilu atasikia nini. Nimeshatubu kwa hilo mara nyingi, na sijui kama nimetubu vizuri, kwa sababu ingekuwa leo ningelisema tena.

Nilimwona kupitia kati ya mashina mawili. Aliangalia tuta polepole, kutoka kwenye mwamba mpaka korongoni, na mimi nikajua anaangalia meza yangu. Mara ngapi maharagwe yake yalipanda kile kilima, hakuna kitu, hakuna mtu, halafu mahindi yakasimama yote mara moja mbele ya pua zao? Mwalimu alikuwa anapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vinaruka.

"Usinifanye mjinga," Kiilu akasema. "Hilo nalijua kuliko wewe. Mimi alinifundisha. Wewe alikupikisha."

"Basi panda."

Hakupanda. Akawageukia watu wake. "Hawa wanawake wamejificha na majembe. Sitaki mtu avunjwe kichwa hapa halafu mnipeleke polisi. Tungoje udongo ukauke, trekta lipande. Trekta halivunjwi kichwa."

Wakarudi chini kukaa kivulini. Mimi nilikunywa uji huku nikiwachungulia, na nusu yake ukamwagikia Biblia.

Kiilu si mpumbavu. Akamwita mwanawe Kisilu, mtu mzima mwenye watoto wawili, na kwa sababu alikuwa anafoka nilisikia kila neno.

"Nenda kivukoni. Wanawake wa kanisani wakianza kuvuka, nipigie simu. Usitoke pale mpaka nikwambie. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nimesema usitoke."

"Sitoki, baba."

Jua likatoka likawa kali. Udongo ukaanza kubadilika rangi, na kila nilipouangalia nilitamani wingu. Nilisoma zaburi tatu bila kujua nasoma nini. Saa saba ikafika, ikapita. Nzisa akapiga simu.

"Maji yako kiunoni. Tumekaa ukingoni na nguo zetu za ibada, tunangoja."

"Ngojeni."

"Uko na nani huko?"

"Peke yangu."

"Basi usiliseme kwa sauti," akasema, akakata.

Saa nane trekta likawashwa. Wavinya alikuwa amekuja na sufuria kubwa ya chakula cha wale wanaume, maana Kiilu alimzuia asiende ibadani ili apike. Alisimama pembeni na ile sufuria, macho chini. Hakuniangalia na mimi sikumwita.

Salim alipanda vizuri mpaka mtaroni. Mtaro wa fanya juu unashika maji ya mvua, ndiyo kazi yake. Gurudumu la mbele likashuka humo, trekta likainama kama ng'ombe anayekunywa. Akarudi nyuma. Akajaribu tena, likazama zaidi.

"Mzee, hapa hapapitiki," Salim akasema. "Tungoje kesho."

"Kesho sitaki. Jazeni mawe!"

Wakajaza mawe. Saa nzima walibeba mawe, Kiilu akiwatukana, kwamba ni wanawake, kwamba bibi yake mzaa mama angebeba haraka kuliko wao. Nami nilipiga simu kwa Nzisa mara mbili, haikushika.

Saa tisa na nusu trekta likavuka mtaro. Wakafunga mnyororo kwenye shina la kwanza, lile la mwambani. Mkonge ukalia, ukatoka kama jino, na shimo likabaki na mizizi inaning'inia. La pili. La tatu. Nilihesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu maiti wake. Lilipong'oka la saba nikaona kwamba kukaa nyuma ya tuta hakuna faida tena, nikainuka na kigoda changu, nikaenda nikakiweka mbele ya shina la nane, nikakaa.

Kiilu aliniona. Akaangalia nyuma yangu, kushoto, kulia. Hapakuwa na mtu. Alicheka mpaka akajishika magoti.

"Wako wapi wale wengi? Eh? Mwaonaje, jamani! Mwanamke wa darasa la saba alitaka kunifundisha Waterloo mimi! Nimengoja tangu asubuhi kwa ajili ya kigoda!"

"Kiko hapa," nikasema. "Kichukue."

"Salim, vuta."

Salim alizima mashine. "Mama, toka tafadhali. Umenipotezea siku nzima."

"Sijakuita mimi, mwanangu."

"Vuta, nimesema!"

"Mzee, mimi nimekuja kung'oa mkonge. Huyu si mkonge."

"Shuka basi! Shuka, nitavuta mwenyewe!" Kiilu akashika ngazi ya trekta, akamvuta Salim kwa shati mpaka akamshusha. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akaanza kutafuta ufunguo. Mimi nilifunga macho. Sikuomba nipone. Niliomba Kalondu asikie habari kutoka kwa mtu mwenye huruma.

Ndipo niliposikia kuimba.

Hakukutoka upande wa kivukoni. Kulitoka juu, nyuma ya nyumba yangu, upande wa kaburi. Nikafumbua macho. Walikuwa wanashuka mmoja mmoja, vitambaa vyeupe vya kanisa kichwani, viatu mkononi, magauni yamelowa mpaka magotini. Nzisa alikuwa mbele, goti limefungwa kwa leso, anachomeka fimbo ardhini kama anayechoma mkuki. Walichoka kungoja kivuko. Wakapanda kandokando ya mto mpaka kwenye ukuta wa bwawa la mchanga, ule ambao mwethya yetu yenyewe iliujenga kwa kubeba mawe misimu miwili, na maji yaliposhuka yakawa yanapita juu yake hayazidi vifundo vya miguu, wakashikana mikono wakavuka juu ya kazi yao. Njia ya huko ni ndefu mara tatu.

Hawakusema na mtu. Kila mmoja akachukua shina lake, akaketi, akakunja gauni. Mstari wote ukawa na kichwa cheupe karibu kila pahali palipo na mkonge. Walipoisha kukaa, wakaacha kuimba.

Kiilu alitoa simu mfukoni, akampigia Kisilu. Kulikuwa kimya hivi kwamba tulisikia pande zote mbili.

"Uko wapi wewe?"

"Kivukoni, baba. Kama ulivyosema. Hakuna aliyevuka."

"Hukuwasikia wakiimba?"

"Niliwasikia, baba. Hukuniambia nitoke."

Nilijifunika uso kwa leso, kicheko kisinitoke. Mwalimu alikuwa na maneno mengi juu ya yule jemadari wa Napoleoni, Grushi, aliyetumwa na maelfu kuwafuata Waprusia. Akasikia mizinga inalia upande mwingine, wenzake wakamsihi waende huko, yeye akashika amri aliyopewa. Mwalimu alikuwa anasema kosa si la Grushi peke yake. Ukiwazoesha watu wako kukuogopa, siku utakayowataka wafikiri watakuangalia tu.

Nzisa akatoa daftari kwenye mfuko wake wa ibada. Kwetu mwethya haianzi mpaka majina yaitwe. Jina huitwa mara tatu. Asiyejibu mara ya tatu na yupo mahali hapo, anafutwa, na akishafutwa hakuna wa kumrudisha.

"Katunge."

"Nipo."

Akawaita mmoja mmoja, wakajibu kutoka mwambani mpaka korongoni. Halafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wavinya."

Wavinya alikuwa chini ya mtaro na sufuria yake.

"Mke wangu yuko kwenye kazi yangu," Kiilu akasema kutoka juu ya trekta.

"Sijakuita wewe, Baba Kisilu," Nzisa akamjibu bila kuinua macho. "Wewe huna jina humu. Wavinya."

Wavinya aliishika sufuria yake kwa mikono miwili. Mimi nilimwangalia, na nasema ukweli mbele za Mungu, sikumhurumia. Miaka mitatu amekutana nami kisimani akaangalia pembeni. Nilitaka afutwe. Nilitaka Kiilu abaki na nyumba isiyo na mtu wa kuja kwake hata siku ya kufa.

"Wavinya," Nzisa akasema mara ya tatu.

Wavinya akaiweka sufuria chini. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Nipo."

"Wavinya!" Kiilu akapiga kelele. "Ukipanda hapo usirudi kwangu!"

Akapanda. Alipita juu ya yale mawe waliyojaza, akapita karibu na gurudumu la trekta, akafika kwenye mashimo yale saba. Alitembea akiyaangalia moja baada ya jingine mpaka la tano, akakaa ukingoni, miguu ndani ya shimo.

"Huu niliubeba mimi," alisema, na hakusema kwa sauti kubwa, lakini wale wanaume wanne walisikia, na Salim alisikia. "Baba mkwe alinionyesha mahali pa kuuweka. Alisema, hapa ndipo Kiilu anapoishia. Nilikuwa na mimba ya Kisilu."

Kiilu alikaa kwenye trekta la watu kwa muda mrefu. Kwa wanawake thelathini na mmoja kulikuwa hakuna hata mmoja aliyemcheka, na nafikiri hilo ndilo lililomshusha. Akashuka, akaondoka kwa miguu, viatu vinabeba udongo. Wale wanaume wakaangaliana, wakachukua mitaimbo yao wakamfuata mbali mbali.

Salim akafungua mnyororo. Alipofika kwangu akasimama.

"Nisamehe kwa yale saba, mama."

"Yale saba ulivuta ukijua?"

Akafikiri. "La kwanza sikujua," akasema. "Mengine nilijua."

"Basi nenda. Mungu akuone."

Tulisali pale pale, halafu nikawapa uji uliobaki, haukutosha hata kulowesha midomo. Mikonge iliyong'olewa hatukuigusa siku hiyo. Ilikuwa Jumapili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuipanda kwenye mashimo yake. Nilimkuta Kiilu amesimama chini ya mtaro, mikono mfukoni. Nikadhani amekuja kuomba Wavinya arudi, maana alilala kwa Nzisa. Hakumtaja. Aliniangalia nikisukuma udongo kwa mguu kwenye shina la kwanza, la pili, la tatu.

"Kama haingenyesha," akasema.

"Mwalimu alijua utasema hivyo."

Akatema mate mtaroni, akaenda zake.

Jumanne mpima akaja. Alipofika kwenye yale saba yenye udongo mpya akauliza nani anajua kama yamerudishwa mahali pake. Wavinya akasema anajua, akasema vile vile alivyosema Jumapili, na mpima akaandika. Matuta matatu ni yangu. Karatasi iko ndani ya Biblia, penye doa la uji.

Wavinya alikaa kwa Nzisa siku tisa, halafu akarudi kwa mumewe, kwa sababu ana wajukuu pale na hana mahali pengine. Sijui anachoambiwa huko ndani. Tukikutana kisimani sasa ananiangalia, na mimi ndiye ninayetafuta la kusema.

Kiilu anakaa benchi la mbele kanisani, upande wa wanaume. Mchungaji akisema tuwaombee tunaogombana nao, mimi namuombea, kwa jina lake lote, kila Jumapili. Nikimaliza nafungua macho, naona kisogo chake, na bado sijaweza kumsalimia.